Kondo na Mlango wa Gari Langu

Jamani, leo mtani wangu Kondo ameniamkia shikamoo.

Mzaramo na Mnyamwezi! Tangu lini?

Kosa ni langu, na kwa kifua hiki kibovu sitaki kufa nalo moyoni.

Kondo, fundi cherehani wa hapa sokoni Tabora, alikwaruza mlango wa gari langu jipya kwa msumari. Alichora mpagazi wa misafara ya babu zetu, mzigo kichwani, kisha akaniita nje: "Njoo uone, Mnyamwezi! Umepanda gari, pembe za ndovu umemwachia nani?"

Watu walicheka. Mimi, msomi, niliona rangi iliyokwaruzwa tu.

Nikamshtaki kwa Liwali. Akafungwa.

Mtani wangu, jamani! Kwa utani!

Sasa ametoka. Leo nimepelekwa kwake kwa gari hilohilo, nikamwanza kama zamani: "We Mzaramo, bado hujafa tu?"

Akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, bwana. Karibu kiti."

Nikamwambia siku zangu zimekwisha, aje mazishini. Alale kaburini mwangu agome kutoka, anitukane mpaka wanangu wacheke, kama watani wafanyavyo.

"Mungu atakupa afya, bwana."

Nikamsihi basi achore tena, mlango mzima akitaka.

Akalitazama gari. Akatoa leso, akaufuta mlango vumbi, taratibu.

"Gari zuri, bwana."

Semeni nanyi mnaonijua. Ndiyo kusema nitazikwa kwa heshima tu?