Mama Mdogo, Mwonja Pombe

Zamani hizo chai haijafika mashambani kwetu, upande wa Mosocho tulilima wimbi, na wimbi lilienda kwenye pombe. Wazee waliuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Lakini kabla hawajagusa, mwanamke aliyeipika alivuta kwanza, mbele ya macho yao, waone hakutia sumu. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mdogo, mke wa pili wa baba. Mama yangu alikuwa ameingia kwa Wasabato. Hao pombe hawaigusi, na Jumamosi hata kuni hawaokoti, ugali tulikula wa jana umekauka kama gome! Basi mtungi ukamwangukia mwenzake.

Watu walisema mama mdogo alizaliwa mlevi. Si kweli. Alianza kwa kuonja, na baba hakukosa mtungi. Ikafika mahali asubuhi mikono inamtetemeka, mpaka akamue machicha ya pombe anywe ndipo aweze kumfunga mtoto wake mgongoni.

Baba naye alitetemeka vilevile. Ila yeye akianguka njiani wenzake walimbeba wakiimba, na kesho yake wanamtania, "Mzee, jana ulilala na mbuzi wa nani?" Anacheka, sisi tunamchemshia uji.

Mama mdogo alianguka mara moja tu, kando ya kisima, mbele ya wanawake. Hakuna aliyembeba. Habari zikamfikia shangazi, dada yake baba, naye akaja.

"Mlevi huyu atatuchomea nyumba," akasema. "Arudi kwao Ogembo. Mtoto abaki, ni wa ukoo wetu."

Mama mdogo akapiga magoti. "Baba watoto, nitaacha. Nitapika, lakini aonje mwingine."

"Nani?" baba akasema. "Wageni watasema umewatilia kitu."

"Basi nisipike kabisa."

"Na mimi ninywe nini?"

Walicheka, baba na shangazi, wakacheka kweli. Mama mdogo alimtoa mtoto kwenye titi, akampa mama yangu, akajitwika kikapu.

Mtoto alilia siku ile mpaka sauti ikakauka. Mama alimpa uji, akautema. Baba akachukua mrija wake, akaenda kunywa kwa jirani, akisema kelele zile zinamuumiza kichwa.