Hesabu ya Jasho la Dada

Pale jimu walimwita Kocha Kalkuleta, na jina likamganda. Ukimtajia uzito wako na ulichofanya, alitazama darini kidogo, kisha akakupa kalori ulizochoma: kutembea haraka nusu saa, mia na hamsini, kuruka kamba dakika kumi, mia na thelathini. Yalikuwa makadirio tu, lakini aliyatamka kama aliyeziona kalori zenyewe zikitoka.

Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alijiandikisha akiwa na kilo themanini na mbili. "Nipunguzie hiki kitambi, mdogo wangu, nguo zinanigomea." Kocha akamfungulia daftari.

Wiki ya tatu, hesabu na mizani vikagombana. Kwa jasho alilotoa, dada alistahili kupungua kilo moja. Alikuwa amepungua mbili na nusu. Kocha alijiuliza, ndiyo, kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji. Kisha akafuta "baiskeli, polepole", akaandika "kwa kasi". Hesabu ikakaa sawa.

Dada akachungulia daftari. "Kwa kasi? Mimi huyu?"

"Hujijui tu, dada."

Tangu hapo kila mizani iliposhuka, Kocha alipandisha kalori, na picha ya dada akaibandika ukutani iwe mfano kwa wavivu.

"Mbona nachoka hivi, Kocha? Hata ngazi zinanishinda."

"Ndiyo mafuta yanaungua hayo. Usinidekee."

Dada akacheka, akapanda tena baiskeli. Alimwamini, na hilo ndilo linalomkata maini Kocha mpaka leo.

Mwezi wa saba wa mazoezi, dada alianguka jikoni kwake. Hospitali wakakuta uvimbe tumboni, umeshasambaa. "Alianza kukonda lini?" daktari akauliza. Kocha akafungua daftari, akamwonyesha wiki ya tatu, mahali palipofutwa. "Tungempata wakati huo..." daktari akaanza, akamtazama usoni, akalifunga daftari taratibu.

Sasa dada amelala chumbani kwa Kocha, na Kocha humbeba mwenyewe hadi bafuni bila hata kuhema. Jana asubuhi dada alifumbua macho, akatabasamu kwa shida.

"Kocha, leo nimechoma ngapi?"

Mtu aliyelala huchoma kama kalori moja kwa kila kilo, kila saa. Kocha hakuhitaji kutazama darini. "Thelathini na nane kwa saa, dada."

"Kwa kasi?"

"Polepole," akasema, akalia mbele yake bila kujificha. "Ilikuwa polepole siku zote, dada."