Ngoma ya Abdallah Kwenye Pazia Jeupe

Mwanvua binti Hemedi alikuwa mdarizi wa foronya na mapazia katika mtaa wa Waislamu wa Kasongo, na watu walimwogopa kidogo. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kunyamaza mpaka wewe usahau ulichomtendea, na yeye hakusahau. Akichora ndege juu ya kitambaa, ungedhani sindano imemkamata asiruke. Maharusi wa Nyangwe walimletea vitambaa vyao awachoree.

Chuki yake ilimlenga mtu mmoja tu: Hippolyte, karani na mkalimani wa bwana mkubwa wa teritwari, yule mzungu aliyetawala wilaya ile. Kaka yake Mwanvua, Abdallah, alikuwa mpiga ngoma, na ngoma yake aliirithi kwa babu yao. Ilikuwa na mdomo mpana na ufa mdogo uliozibwa kwa nta, kwa hiyo sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao hakuna ngoma nyingine ya mji ule iliyokuwa nao. Kwenye arusi moja Abdallah alitunga wimbo juu ya karani anayekula kuku za wajane kisha anasema wamekufa kwa ugonjwa wa kideri. Watu walicheka, wakaurudia kila mahali. Hippolyte akaenda kwa bwana wake akamfasiria wimbo ule kuwa unawakataza watu kulima pamba. Abdallah akalazwa chini mbele ya ofisi, akachapwa fimbo, kisha akahamishwa kwa nguvu mpaka jimbo la mbali la Ekwateri, ambako hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha yake. Alifia huko. Ngoma ilichukuliwa, na wageni wa Hippolyte waliiona barazani kwake, imewekewa glasi za bia juu.

Mwaka wa hamsini na sita akaja mzungu mmoja kutoka Bukavu, Musieu François, ambaye watu walimwita Bwana Picha. Alitaka kutengeneza filimu ya muziki wa Maniema. Hippolyte akawa mwenyeji wake mara moja. Akakusanya vijana, akaitoa ile ngoma, akasema ni ya ukoo wake tangu zamani. Siku walipoipiga mbele ya mashine ya picha, Mwanvua alikuwa anapepeta mchele uani. Mama yake alitoka ndani bila kilemba, akitazama njiani, maana aliusikia ule mkwaruzo akadhani mwanawe amerudi. Mwanvua alimshika mkono akamrudisha ndani, na tangu saa ile hakujiuliza tena kama alipe kisasi, alitafuta njia tu.

Njia ilikuja yenyewe. Bwana Picha alitaka jina la filimu lisisimame tu kwenye pazia la sinema kama kibao cha duka, alitaka herufi zitembee. Akaona mapazia ya Mwanvua kwa masista wa misheni, akamwita. Alimwonyesha kazi kwa karatasi chache zilizoshonwa pamoja: kwenye kila moja kuna mtu yuleyule, mguu umesogea kidogo tu, na ukizipitisha haraka kwa kidole gumba, mtu anatembea. Mwanvua alizipitisha, akazirudia tena na tena. Hippolyte, aliyekuwa akifasiri, alimwambia aache kuchezea vitu vya watu.

Kisha karani akatoa ombi lake mwenyewe. Alitaka achorwe mwanzoni kabisa mwa filimu, na kofia yake ngumu na mwavuli wake, amesimama karibu na ngoma, ili watu wa Ulaya wajue mwenye ngoma ni nani. Bwana Picha alikubali. Mwanvua aliinamisha macho akajibu kwamba atamchora vizuri kupita alivyowahi kuchora mtu.

Alifanya kazi ile kwenye baraza ya nyumba ya wageni, juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa chini yake, ili aione picha ya nyuma anapochora ya mbele. Alichora majuma kwa majuma. Alimchora mpigaji ameketi, mikono juu ya ngoma. Alimchora Hippolyte anaingia, anainama, anashika ngoma, anasimama nayo. Kila jioni karani alipita kukagua, na Mwanvua alimwekea karatasi mbili tatu alizozichagua. Kwenye moja ameinama kama anayesalimu. Kwenye nyingine ameikumbatia ngoma kama mtoto wake. Alipenda hasa jinsi viatu vyake vilivyong'aa.

Jambo ambalo karatasi moja haiwezi kulionyesha ni mwendo. Hippolyte alikuwa na mwendo wake: bega la kulia juu, hatua fupi, shingo ikigeuka huku na huku kama ya kuku aliyeingia jikoni. Mji mzima uliujua. Mwanvua aliugawanya mwendo ule katika karatasi zake, kidogo hapa na kidogo pale.

Bwana Picha alizipiga picha moja moja kwa mashine iliyotazama chini. Alipofika kwenye zile za mwisho alimuuliza Mwanvua kwa Kiswahili chake kibovu kama huyu mutu anaazima ile ngoma. Mwanvua akamjibu, "Batu ba hapa batajua." Mzungu akaendelea na kazi.

Filimu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya mvua kwisha. Pazia jeupe lilitundikwa kwenye uwanja wa mpira, na giza lilipoingia tu wakaanza. Mbele waliketi bwana mkubwa wa teritwari, machifu, na Hippolyte na mke wake Marie-Louise aliyevaa kitambaa kipya. Mwanvua alisimama nyuma na mama yake.

Kwanza ilisikika ngoma, ule mkwaruzo wake. Mpigaji akatokea, anapiga. Kisha akaingia mtu wa kofia ngumu, bega juu, hatua fupi, shingo huku na huku. Uwanja ukanguruma kwa kicheko, maana walimtambua kabla hajafika katikati. Yule mtu akainama, akaichomoa ngoma chini ya mikono ya mpigaji, akaitia kwapani, akaondoka nayo kwa mwendo uleule. Mpigaji akabaki anapiga hewa. Kila mkono wake uliposhuka, herufi moja iliruka ikakaa mahali pake, mpaka jina la filimu likakamilika: NGOMA ZA KASONGO.

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja mzee akasema, si kwa sauti kubwa, "Ile ni ngoma ya Abdallah." Jina lile likapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele.

Bwana mkubwa akageuka akamuuliza mkalimani wake watu wanasema nini. Hippolyte alijibu kwamba wanafurahi. Lakini mwalimu Ismaël, aliyeketi nyuma yao na aliyejua Kifaransa, alisimama akafasiri neno kwa neno, pamoja na wimbo wa kuku jinsi ulivyokuwa kweli. Marie-Louise alivuta kitambaa chake akafunika uso.

Bwana mkubwa hakumlilia Abdallah. Kilichomuudhi ni kwamba alidanganywa mbele ya watu. Hippolyte aliondolewa kwenye ukalimani, na asubuhi yake alikuja mwenyewe uani kwa Mwanvua, bila mwavuli.

"Binti ya Mzee Hemedi," alisema, "ngoma iko kwangu. Tuma mutu aichukue. Tumalize mambo."

Mwanvua hakumkaribisha kiti. "Hapana. Utaileta weye mwenyewe. Siku ya soko, jua likiwa juu. Utaibeba kwapani na utapita katikati ya batu."

"Unataka kuniua."

"Yaya yangu Abdallah alikufa. Weye utatembea tu."

Aliileta. Labda alidhani akikataa mambo yatakuwa mabaya zaidi. Wauza mihogo walisimama, wauza samaki walisimama, na hakuna aliyecheka safari hii. Ngoma ilikuwa nzito, na kwa uzito ule bega lilipanda zaidi na hatua zikawa fupi zaidi. Mwanvua alimngoja mlangoni, akaipokea, akaikagua nta, akafunga mlango kabla Hippolyte hajasema lolote.

Haikupita muda mrefu Hippolyte akahamia Kabambare na jamaa yake. Bwana Picha aliikata sehemu ile ya mwanzo kwa amri ya bwana mkubwa, akaweka herufi za kawaida, lakini waliokuwa uwanjani waliwasimulia wasiokuwapo.

Mama yake Mwanvua aliipangusa ngoma vumbi la miaka, akaiweka karibu na kitanda chake. Jioni moja alimuuliza binti yake kama sasa moyo umetulia.

"Haujatulia, mama," alisema. "Lakini nasikia njaa tena. Kuna nini jikoni?"