Herufi Iliyomponza Jethro

Jethro Nyamweya ni ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeponea chupuchupu kupasuliwa kichwa kwa sababu ya herufi. Huko sokoni Nyakoe kisa hiki husimuliwa ovyo ovyo, wengine wanasema eti alipagawa. Hakupagawa. Mimi Abigael tulilelewa naye nyumba moja, na bibi yetu Nyanchera, ambaye sote tulimwita magokoro, na siku ya kisu nilikuwepo nimeshika beseni.

Ilikuwa 1966. Jethro alipata nafasi ya kusomea mambo ya matrekta Moscow, akawa na furaha ya kuudhi. Alivaa koti zito juani, azoee. Kisha akamwendea Walter, karani wa duka mjini Kisii, aliyewahi kukaa Moscow kidogo akashindwa na baridi, amfundishe alfabeti. Walter alipenda kutisha watu. Akamwambia, "Ukishindwa kutamka hata moja, mwalimu wa Kirusi anakurudisha na ndege ile ile."

Jethro aliamini. Angeambiwa ajifunze kubweka, angebweka.

Herufi nyingine hazikumsumbua. Inayovuma kama nyuki aliipata upesi. Iliyofanana na kufukuza kuku ilitufukuzia kuku kweli, wakaenda kutaga kwa jirani. Ya kukwaruza koo aliifanyia mazoezi mezani, sisi wengine tukakosa hamu ya kula. Ikabaki moja, hii hapa: Ы. Inafanana na b ndogo iliyosimikiwa fimbo kando. Si i, si u. Walter alisema inatoka tumboni, kama mtu aliyepigwa ngumi bila kutarajia.

Jethro akaingia migombani kuitafuta. Alijaribu, ikatoka "wii". Alijipiga tumbo, ikatoka "uii". Jirani yetu Ombui akaja kulalamika.

"Abigael, ambia huyo ndugu yako, kama anaumwa aumwe polepole. Ng'ombe yangu imekataa kutoa maziwa."

Mambo yaliharibika Sabato moja kanisani. Tulikuwa katika sala ya kimya, hata watoto wametulia, mara nyuma kabisa tukasikia, "Wuuii!" Mzee aliyekuwa anaongoza alifumbua macho. Kila mtu alifumbua macho, isipokuwa Jethro, ambaye alikuwa bado anasikilizia kama imetoka sawa.

Magokoro aliona aibu, lakini zaidi aliogopa. Jethro alipokuwa mdogo alianguka kutoka juu ya mpera akagonga kichwa, na magokoro hakuwahi kukisamehe kichwa hicho. Kwetu, kichwa kilichogongwa kikianza kusumbua, kuna fundi wake, omobari, anayepasua ngozi na kukwangua mfupa taratibu. Wengi wamepona mikononi mwao, na kazi yao siicheki. Ninachocheka ni kwamba waliitiwa Jethro.

"Magokoro, haya ni masomo tu," Jethro alijitetea.

"Masomo gani hayo yanalia?"

Jumapili asubuhi omobari wetu, Mzee Onyancha, akafika na kisu chake na samli. Vijana wa ukoo wakamkalisha Jethro kwenye kigoda, wakamshika mikono na miguu. Jethro akaeleza habari za Moscow, za ndege, za barafu unayoweza kutembea juu yake. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mzee alivyotikisa kichwa kwa huzuni.

"Hii imeenda mbali," alisema. "Hebu toa hiyo sauti, mtoto wangu, nijue imekaa wapi."

"Wii," akasema Jethro.

Mzee akapapasa, akanyoa nywele kidogo juu ya paji la uso, akagusisha kisu.

"Ыыы!"

Sasa hiyo haikuwa wii. Ilitoka chini ya tumbo, sijui hata ilikuwa imefichwa wapi. Walter, aliyekuja kufundisha kama kila Jumapili, alikuwa ndio kwanza anafika mlangoni. Akaiachia baiskeli ikaanguka.

"Hiyo! Hiyo ndiyo! Rudia!"

Mzee Onyancha alidhani anaambiwa yeye. Akarudia.

"Ыыы!"

"Safi kabisa! Tena!"

"Walter, nyamaza!" nilipiga kelele, nikawamwagia wale vijana beseni zima la maji. Wakamwachia, naye Jethro akakimbilia migombani na upara wa mbele na mkwaruzo mdogo unaotoka damu.

Siku ya safari, magokoro hakutoka nje. Alisema tunampeleka mgonjwa kwenye baridi. Nilimkasirikia, halafu nikamkuta ameshika shati kuukuu la Jethro analia, hasira ikaniisha. Hakuna aliyempenda yule kijana kama yeye, hata mimi.

Moscow hawakumrudisha mtu. Jethro aliniandikia kwamba darasa zima ni yeye tu aliyeitamka Ы bila shida, ila lazima kwanza aguse kovu lake. Wenzake wakadhani kugusa paji ndiyo njia yenyewe, nao wakawa wanagusa.

Alirudi 1972, mnene, ana ndevu, sauti imekuwa nzito. Macho ya magokoro yalikuwa yameshazima.

"Bwakire, magokoro," alimsalimu mlangoni. "Ni mimi, Jethro."

Magokoro akampapasa tumbo, akapapasa ndevu. "Yaya, siyo. Jethro wangu ni mwembamba. Wewe ni nani unanichezea?"

Jethro akanitazama. Katika miaka yote ile, hapo ndipo nilipomwona anakaribia kulia. Kisha akaweka kidole kwenye kovu, akafumba macho.

"Ыыы!"

Kuku wakatawanyika. Magokoro akaangusha fimbo yake, akamkumbatia kwa nguvu, machozi yakamtiririka.

"Ni yeye! Ni mtoto wangu!" Kisha akageukia upande niliokuwa, bado amemshikilia. "Abigael, kimbia kwa Onyancha. Hao watu wa Moscow hawakumtibu kabisa."