Feni ya Ulaya

Gari yangu ilikuwa na mahala pake pa kuchemkia: Tunguu. Ukitoka mjini ukapita Fuoni, hata kukohoa haikohoi. Ikifika Tunguu tu, boneti inatoa mvuke kama jungu la pilau lililofunuliwa, na abiria wanashuka mmoja mmoja wananiangalia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyechemka.

Kilikuwa kigari kidogo cheusi cha Kiingereza, aliniachia mjomba wangu alipohamia Mombasa, nami nikakifanyia teksi. Skuli niliiacha darasa la sita lakini mdomo sikuuacha, basi nlikuwa nawaambia abiria: "Hapa gari inakunywa chai. Na sisi tupumzike." Wengine wakicheka. Wengine wakienda zao kwa miguu.

Pale kituoni kwetu Darajani, gari ya mtu ikiumwa kila mtu daktari. Tulikuwa tukikaa barazani madereva na wenye magari, tunakunywa kahawa, na kila mmoja akaniletea dawa yake. Mmoja kaniambia nikaze mkanda wa feni. Nikakaza. Mwengine kaniambia nitie unga wa bizari kwenye rejeta, utaziba matundu. Nikatia vijiko viwili, na siku tatu nzima gari ikawa inanuka mchuzi. Mbwa wa Fuoni wakinifuata. Mzee mmoja kasema Tunguu pana wenyewe, majini, nisome dua nikipita. Nikasoma. Ikachemka katikati ya dua.

Mwisho nikampelekea sahibu yangu, na ningempelekea mwanzo lau si ubishi wangu.

Sahibu yangu alikuwa fundi, ana banda lake la mabati Ng'ambo. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa bakora siku moja kwa kosa moja, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Yeye peke yake ndiye niliyemruhusu kufungua boneti yangu. Nlikuwa namtania, kweli. Nlimtania mguu wake mfupi, nlimtania alipokwenda kuposa akarudishwa, nikaigiza pale barazani jinsi alivyotoka mlangoni kwa watu na kofia mkononi. Watu walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Na yeye alicheka. Mimi nikajua yamekwisha.

Wakati huo na mimi nlikuwa na posa yangu. Binti wa mtaa wa pili, niliyemchekesha siku moja yuko dirishani kwao, na kicheko kile kikakataa kunitoka masikioni. Mama yangu alikwishapeleka maneno. Baba yake yule binti, karani mstaafu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata ikasimama yenyewe, hakusema ndiyo wala la. Alisema: "Nna harusi ya jamaa zangu Makunduchi. Kijana ana motokaa. Anipeleke mimi na mama yake mtoto. Mtu humjui mpaka usafiri naye."

Makunduchi! Na Makunduchi huendi bila ya kupita Tunguu.

Nikakimbilia bandani kwa sahibu yangu, nikamweleza yote. Siku gani, saa ngapi, nani atakaa mbele na nani nyuma. Nikamwambia, "Yakhe, nikichemka safari hii, nimekwisha. Yule mzee hanipi mtoto wake."

Akanitazama, akafuta mikono na kitambaa. Akaingia ndani ya banda, akatoka na sanduku jeusi la bati, lina vidirisha mbele na mipira miwili nyuma.

"Nini hii?"

"Feni ya Ulaya. Nimeitoa kwenye gari ya mzungu mmoja anarudi kwao. Hii itakutibia mawili. Gari haichemki, na ndani inapuliza baridi."

"Baridi?"

"Baridi, bwana we. Mzungu utamwona anatembea kwa miguu saa saba za mchana, mwekundu kama tungule. Sasa ndani ya gari yake ataweka nini?"

Hesabu hiyo niliiona sawasawa. Sisi joto tunapewa bure, mpaka linatupandisha darini kulala. Ingenijia wapi akilini kwamba kuna nchi watu wananunua mashine ya kuwatia joto?

Lakini alipokuwa anaifunga chini ya dashibodi, nikaona ile mipira anaiunga na maji ya rejeta. Nikamuuliza, "Haya maji si ya moto? Baridi itatoka wapi?"

Hakuinua kichwa. "Umepata kuliona friji la mafuta ya taa?"

"Nimeliona, pale mkahawani."

"Chini pana nini?"

"Utambi unawaka."

"Na juu?"

"Barafu."

"Basi," akasema. "Nipe hiyo spana namba mbili."

Nikampa.

Alipomaliza akanipa masharti. Nivute kishikio baada ya kutoka mjini. Vioo nivifunge vyote, ukifungua baridi inatoroka. Na nisikifunge kile kishikio njiani kwa hali yoyote, nikikifunga gari itachemka. Akanipigapiga begani. Nlitaka kumshukuru vizuri, nikakosa neno, nikamtania tena mguu wake.

Siku ya safari nlivaa kanzu mpya. Mzee akakaa mbele. Bibi yake, mama wa binti, akakaa nyuma na buibui lake, mkononi kashika kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Ndani yake mna vikuba vya kubandika kifuani na mashada ya asumini ya bibi harusi, kayatunga yeye na binti yake tangu alfajiri. Niliposikia kwamba binti naye katunga, moyo ukanipanda.

"Bi, nipe nikuwekee hapa mbele chini," nikasema. "Hapa ndipo penye baridi. Yatafika kama yamechumwa sasa hivi."

"Baridi gani, mwanangu?"

"Utaiona."

Tukatoka. Kupita Fuoni nikavifunga vioo, nikavuta kishikio. Feni ikalia vuu. Upepo ukatoka, mzuri, una nguvu. Ulikuwa na uvuguvugu kidogo. Nikasema moyoni, ndiyo unaanza.

Mzee akatoa leso akajifuta shingo. "Hii ndiyo baridi yenyewe?"

"Bado haijashika, mzee. Inataka muda."

Haikushika. Au ilishika vyengine. Tulipokaribia Tunguu miguu yangu ilikuwa kama nimeitia kwenye chungu. Jasho linanitoka kwenye kofia, linateremka puani, linadondokea usukani. Nlimwona mzee kwa pembe ya jicho, ile kanzu yake ya pasi imemganda mwilini kama karatasi iliyolowa. Nyuma nasikia Bi anasoma, "La haula, la haula," taratibu.

Na gari? Gari ikapita Tunguu kama haipajui. Mara ya kwanza tangu mjomba ahame. Hata kutoa pumzi haikutoa.

Hapo nilielewa kuwa lile sanduku ni la joto. Nilielewa kwa miguu kabla ya kichwa. Nikasukuma kishikio kukifunga. Hatujafika mbali nikaona sindano ya kupimia moto inapanda, inapanda, nikajiona nimesimama njiani, mzee amesimama kando yangu, na mvuke. Nikakivuta tena.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi naona hii inatoa moto."

Ningeweza kusema kweli. Ningesema, mzee nisamehe, nimedanganywa, tufungue vioo twende polepole. Lakini mdomo wangu haujapata kuningoja hata siku moja.

"Moto? Hapana, mzee. Mimi hapa miguu inaniganda."

Alinitazama. Akashusha kioo chake bila ya kuniuliza, akageuza uso nje, na mpaka Kitogani, mpaka Makunduchi, sikuuona tena.

Tulipofika, Bi akaomba kikapu chake. Akafunua lile jani. Asumini zote zimekuwa rangi ya chai, zimelala juu ya vikuba kama mchicha uliotolewa jikoni. Wanawake wa harusini walikuwa wamesimama mlangoni wanangojea, na mmoja alikwishanyoosha mikono kupokea. Bi akalifunika tena jani.

"Inshallah kheri," akasema, akaingia ndani na kikapu kile kile.

Mzee akabaki kidogo. "Ahsante kwa kutufikisha. Wewe rudi tu. Sisi tutakuja mjini kesho na gari ya shamba."

"Mzee, mimi naweza kungoja hata—"

"Rudi, mwanangu."

Nikarudi peke yangu, vioo vyote wazi, na lile sanduku linanipulizia miguu. Njia nzima nlikuwa namtetea sahibu yangu. Nlisema kakosea maskini. Kaona friji, kafikiri na hii ni vivyo hivyo. Nlikuwa natafuta maneno ya kumwambia bila ya kumuumiza. Kweli wallahi, hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri.

Nikaingia Darajani kabla ya Magharibi. Baraza imejaa, haijapata kujaa vile. Hata wasio na magari wamekuja. Nikazima gari, na kabla sijashuka sauti ikatoka kule nyuma:

"Karibu, Ulaya! Theluji ilikuangukia?"

Mwengine: "Mpeni blanketi, mwenzenu kapigwa na baridi!"

Baraza ikavunjika. Watu wakapigana vibao vya mgongo. Yule wa dawa ya bizari akalala chini kabisa. Muuza kahawa alikuwa anacheka mpaka vikombe vinalia mkononi, na muuza kahawa yule nlikuwa nakunywa kwake kila siku ya Mungu. Na jana yake nlikunywa kwake, nikamwambia kesho naenda Makunduchi na mkwe, akaniambia kila la kheri. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua.

Sahibu yangu alikuwa amekaa katikati. Alikuwa anacheka kidogo tu, kwa adabu, kama mwenye harusi.

Nikamwita kando. Akaja.

"Ulikuwa unajua?"

"Gari ilichemka?" akaniuliza.

"Nakuuliza ulikuwa unajua?"

"Na mimi nakuuliza. Ilichemka Tunguu?"

"Haikuchemka."

"Basi nilichokuahidi nimekupa. Lile sanduku linapoza injini, moto linaoutoa kwenye maji linautia ndani. Fundi yeyote atakwambia. Hilo la pili lilikuwa mzaha." Akatabasamu. "Yakhe, wewe ukitufanyia sisi, mzaha. Ukifanyiwa wewe, khiana?"

"Nlikwambia kuna posa."

"Na mimi siku ile nilikuwa na posa. Ukanifanya mchezo hapa hapa."

Jibu nililipata baadaye, nimelala. Mimi nilicheza na jambo lililokwisha kupita. Watu walishamkataa, mlango ulishafungwa, nikaja mimi na upuuzi wangu. Yeye lake alilifunga kwa spana, mapema, akijua nani atakaa wapi, kwa sababu nlimwambia mwenyewe. Na spana nlimpa mimi. Lakini pale nlisema tu, "Sawa," nikaingia ndani ya gari. Nyuma yangu bado walikuwa wanaitana "Ulaya, Ulaya."

Jibu la posa lilikuja baada ya siku nane. Mama alikwenda, akarudi, akavua buibui, akalikunja pole pole kuliko kawaida yake.

"Wamesema mtoto bado mdogo."

"Mdogo vipi? Wenzake wana watoto wawili."

"Hivyo ndivyo inavyosemwa, baba. Usilichambue neno kwa neno." Akakaa. "Nilimuuliza mama yake, wanawake tu, ukumbini. Nikamwambia yule fundi ndiye aliyemdanganya mwanangu, mtoto hakujua. Akaniambia mume wake anajua. Anajua hata jina la lile sanduku. Aliwahi kuyaona mwenyewe bandarini, yanashushwa. Kasema, joto si kitu, kila mtu hudanganywa. Lakini nimemwona kijana jasho linamwingia machoni, na ananiambia anasikia baridi. Binti yangu akilala na njaa ndani kwake, kijana ataniambia ameshiba."

Mama akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nshakula, na nlikuwa sijala. Akanitazama tu.

Lile sanduku nililifungua kwa mikono yangu. Sikujua kufungua, nikajikata vidole viwili na maji ya moto yakanimwagikia kifuani. Mipira nikaiziba kwa vipande vya kuni. Nikalipeleka Ng'ambo, nikaliweka mlangoni kwa banda yeye hayupo, nikaondoka. Na gari ikarudi kuchemka Tunguu, kama haikupata kuacha.

Siku moja, baada ya Ramadhani, mfungo mosi ukiisha, nimesimama hapo hapo, boneti wazi, abiria wangu wamekwishakata tamaa wamekwenda zao. Gari ikasimama nyuma yangu. Akashuka yeye fundi, anaijaribu gari ya mtu. Akatoa debe la maji.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam." Salamu haikataliwi.

"Chukua maji."

"Nangojea ipoe."

"Itapoa saa ngapi na jua hili? Chukua, bwana. Maji ya bomba tu haya, wallahi."

Nikachungulia lile debe. Maji meupe, mpaka chini panaonekana. Rejeta yangu inalia kwa kiu. Nikatafuta mzaha wa kumwambia, wowote, hata wa mguu. Sikuuona.

Akangoja. Kisha akaliweka debe chini, karibu na gurudumu langu la mbele, akapanda gari yake akaenda upande wa Bungi.

Mavumbi yalipotulia nikachukua kopo langu tupu. Nikalipita lile debe, nikavuka njia, nikaenda mpaka nyumba ya tatu kupiga hodi, niombe maji kwa watu nisiowajua.