Kigoda Pale Uwanjani

Wiki jana nilipita ule uwanja wa katikati ya mji, hapa Nakuru, nikakuta umewekwa matofali ya kabro, viti vya saruji na kibao cha historia yake. Viti ni kumi na vinne. Nilihesabu mara mbili.

Nikiwa msichana mdogo, mama aliuza vitunguu kando ya uwanja huo. Alasiri moja tuliukuta umejaa watu walioshuka kwenye malori kutoka upande wa Molo, na magodoro, masufuria, na kuku waliofungwa miguu. Palinuka moshi na blanketi zilizonyeshewa. Nilidhani ni soko jipya, ila wauzaji wake hawakuita wateja.

Nilimwendea mama mmoja aliyekalia kigoda.

"Mathe, hiki ngapi?"

"Hakiuzwi, mtoto wangu."

"Sema bei ya mwisho."

"Nyumba wamechoma, kimebaki hiki. Wewe ungeitisha ngapi?"

Leo najua alikuwa akisema kweli tupu, na kwamba wote pale walikuwa wamekimbia mapigano. Siku hiyo nilijua tu kwamba kila muuzaji ana hadithi ya kupandisha bei. Kwa hivyo nikafanya alivyonifunza mama yangu: nikageuka, nikaondoka polepole, nikihesabu hatua, nikingoja kuitwa nirudi. Nilifika ishirini. Nikaanza tena kutoka moja. Hakuniita.

Kibao kinataja miti na nani aliipanda. Nilikisoma mara mbili nikitafuta yale malori. Hayamo. Nikaondoka polepole, jinsi nilivyozoea.