Fundi Aliyeshona Mwisho Mwanzoni

Ko! Ko! Ko! Mlio huo unakupokea mlangoni kabla macho hayajazoea kiza cha karakana. Ni nyundo inayonyoosha mgongo wa kitabu. Anayeigonga ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, miwani puani, vidole vimekaukiwa na gundi. Hapa kila mtu anamwita Mama Gundi.

Kazi yake ni kujalidi vitabu. Shule zinaleta vilivyochanika. Yeye anavifumua, anapanga kurasa, anashona, anavivisha majalada mapya. Hulipwa kwa kila kitabu anachomaliza, kwa hiyo kwa miaka mingi kusoma kwake kulikuwa hasara.

"Nilikuwa naangalia namba za kurasa tu," anasema. "Na hivi vya vijana ndiyo kabisa! Niliviona upuuzi. Binti yangu nilimnyang'anya."

Binti huyo, kifungua mimba wake mwenye miaka kumi na sita, alikuwa amefeli mtihani na kukataa kurudi shule. Alijifungia chumbani. Mama alihubiri nje ya mlango asubuhi na jioni, asijibiwe.

"Tuliishi kama wapangaji wasiojuana," anasema. "Niliona kabisa mtoto ananiponyoka."

Ndipo ikaletwa riwaya ya vijana iliyogugunwa na panya pembe zote. Hapakusalia namba hata moja ya ukurasa. Ili aipange, ilibidi aisome.

Mkata karatasi wa karakana, anayeitwa Wembe, hakumwacha salama. "Mama mzima na kitabu cha watoto! Kesho tukununulie na pipi?"

"Hebu nyamaza! Msichana wa watu kagombana na mama yake, kakimbilia kwa shangazi, wewe unaniletea habari za pipi?"

Alikuwa amekwisha naswa na hadithi.

"Nilijua mtoto akinyamaza ana kiburi," anaeleza. "Kumbe yule wa kitabuni ananyamaza kwa sababu akifungua mdomo atalia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza hivyo."

Na tuseme wazi. Wakubwa wengi huziona hadithi za vijana kama ngazi: ukishafika juu, unaitupa. Wanajidanganya! Hadithi hizi hazizunguki mbuyu. Zinakwenda moja kwa moja penye kidonda, na kidonda cha kijana mara nyingi kina alama ya mkono wa mzazi.

Alipomaliza kushona, Mama Gundi alikiweka kitabu mlangoni pa binti yake. "Nisaidie kukagua," alisema, bila mahubiri. Asubuhi mlango ulifunguliwa.

"Mama, umeshona vibaya. Pale mama anapomwomba mwanawe msamaha ni mwisho. Wewe umepaweka mwanzo."

"Sasa baada ya ugomvi wote ule, mama mzima anaanzaje kumwomba mtoto msamaha? Nilijua ni jambo dogo la huko mwanzo, kabla hawajakosana."

Binti alimtazama. "Ndiyo maana umekosea."

Mama Gundi alichukua mkasi, akakata uzi, akafumua kitabu chote palepale mezani.

"Nikamwambia, mwanangu, nisamehe. Nilikupigia kelele kama umeua mtu, kumbe umefeli hesabu. Akacheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu matokeo yatoke. Tukaketi, tukakipanga upya pamoja."

Wiki ile binti alirudi darasani. Muhula huu amefaulu masomo yote, hesabu ikiwemo, na mama yake anaitangaza habari hiyo kwa kila anayeleta kitabu.

Karakanani nako mambo yamegeuka. Wakati wa chai Mama Gundi anasoma riwaya za vijana kwa sauti, mafundi wamemzunguka. Wembe ndiye anayegomba zaidi: "Ningojeni ninawe mikono! Asianze mtu bila mimi!"

Tukiwa tunazungumza, binti anaingia na sare ya shule, anaweka riwaya nene juu ya meza.

"Hiki kinaliza, mama. Kuna mtu anakufa."

"Usiniambie nani!"

"Utakiweza kweli? Wewe ukibanwa na kilio huwa unakimbilia jikoni."

Mama Gundi anavua miwani, anamshika binti yake mkono.

"Nitakisoma chote," anasema, mafundi wote wakisikia. "Na nikilia, sikimbii tena. Nitalia mbele yako, mwanangu. Nakuahidi."